Wasomaji Wanauliza: Taka Zinazorudi Kazini

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa taka, na hatusemi kwa ubaya. Barua nyingi zimetoka Dar es Salaam, kwa watu ambao tayari wana mafuta yao, makopo yao au funza wao, ila kuna mahali pamewakwamia. Tumechagua zile ambazo kosa lake linapimika kwa mizani, kwa kidole au kwa pua. Bei hatukuziandika, maana zinabadilika kabla jarida halijafika mtaani.

Sabuni inababua

Swali: Natengeneza sabuni kwa mafuta yanayobaki baada ya kukaanga viepe na kachori. Nilielekezwa kwamba kilo 5 za mafuta zinataka gramu 670 za kostiki soda. Nikachukua dumu la lita 5, nikaweka soda hiyohiyo. Sabuni imeganda vizuri lakini inababua mikono, na sufuria niliyochanganyia imetoboka. Je, nimeuziwa soda mbovu? – Mama lishe, Buguruni

Jibu: Soda yako haina kosa, mama. Kosa limekaa kwenye dumu. Lita si kilo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea, na lita 1 ina uzito wa gramu 910 hivi. Dumu lako la lita 5 lilikuwa na kilo 4.55 tu.

Sasa hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mawese, ambayo ndiyo mengi kwenye makarai ya viepe, hula gramu 141 za soda mpaka yageuke sabuni yote. Kilo 4.55 zinakula gramu 642. Watengenezaji hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kuilinda ngozi, kwa hiyo ulitakiwa kuweka gramu 610. Umeweka 670. Hata mafuta yote yakishaliwa, gramu 28 za soda zinabaki bila kazi, na hizo ndizo zinazokula mikono ya wateja wako.

Usiitupe hiyo sabuni. Ikwangue kwenye kikwangulio cha karoti ukiwa umevaa glovu, iweke kwenye chombo pamoja na vikombe viwili vitatu vya maji, uichemshe kwa moto mdogo sana mpaka ilainike, kisha ongeza nusu lita ya mafuta yaliyochujwa. Hiyo nusu lita ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo. Koroga mpaka isionekane michirizi ya mafuta, mimina kwenye kibao, kata kesho yake, anika kivulini wiki 4.

Sufuria imetoboka kwa sababu ni ya alumini. Kostiki soda huila alumini na kutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto, kwa hiyo una bahati kwamba lililotoboka ni sufuria peke yake. Tumia ndoo ya plastiki ngumu ya kuchanganyia soda na maji, na chuma cha pua au bakuli la enameli lisilobanduka kwa kupikia. Mwiko uwe wa mbao au plastiki, na usirudi jikoni tena.

Mara ijayo fuata hivi. Chuja mafuta kwa kitambaa. Yachemshe dakika 10 hadi 15 pamoja na maji ya ujazo uleule na kijiko kimoja cha chumvi kwa kila lita, uyaache usiku kucha. Asubuhi makapi na masizi yatakuwa chini, harufu ya vitunguu imepungua, na mafuta yamekaa juu. Yakinge bila kuchukua maji. Pima kwa mizani, mafuta na soda vyote viwili. Maji ya kuyeyushia soda yawe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa soda: kwa gramu 610, lita 1.2 hadi 1.5. Soda ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogokidogo, nje ya nyumba, uso ukiwa pembeni. Ukimwagia maji juu ya soda itachemka na kukurukia. Subiri vyote vipoe mpaka ukigusa chombo kwa nje mkono unavumilia, ndipo uchanganye. Koroga hadi ukiinua mwiko mchirizi ubaki juu kama uji wa ulezi. Mafuta yaliyokaangiwa sana huganda haraka kuliko mapya, basi kibao kiwe tayari kabla.

Mambo mawili ya kumalizia. Kama umehamia mafuta ya alizeti, tumia gramu 134 kwa kilo badala ya 141, na tegemea sabuni laini zaidi. Theluthi moja ya mawese itaikaza. Na soda ikikurukia mwilini, maji mengi yanayotiririka, robo saa. Siki iachie kachumbari.

Mnunuzi anakata kilo 15 katika kila 100

Swali: Nakusanya makopo ya maji na soda. Kila nikipeleka kilo 100, mnunuzi anaandika 85, anasema ni "uchafu". Makopo yangu nayaona masafi. Ananiibia? – Mkusanyaji, Mbagala

Jibu: Inawezekana anakuibia, inawezekana ana haki. Usibishane naye kwa mdomo, mbishie kwa mizani. Chukua kilo 10 kutoka kwenye viroba vyako bila kuchagua. Ng'oa vifuniko vyote, toa lebo, kausha, kung'uta mchanga, kisha pima kila kimoja peke yake.

Tunaweza kukisia utakachokuta. Kopo la maji la nusu lita lina gramu 15 hadi 20. Kifuniko chake kina gramu 2 hivi, lebo haifiki gramu 1. Tayari zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mzigo wako si kile anachonunua. Kopo lenyewe ni PET, namba 1 kwenye kile kipembetatu cha chini; kifuniko ni plastiki nyingine kabisa, namba 2 au 5. Ongeza maji. Vijiko vinne vya chai vilivyobaki ndani ya kopo ni gramu 20, yaani kopo zima jingine. Kumi tu za namna hiyo katika kila mia na umeshauza gramu 200 za maji, na mnunuzi analijua hilo kuliko wewe.

Kwa hiyo kazi inayolipa inafanyika nyumbani kwako. Fungua, mwaga, kanyaga. Vifuniko weka kiroba chake; vinauzika kama plastiki ngumu, havitupwi. Mzigo ukae juu ya mbao au turubai, si kwenye mchanga, na uwe chini ya paa: jua la miezi linaifanya PET iwe dhaifu na ya njano, mvua ya masika inaijaza matope. Tenga nyeupe, bluu hafifu, kijani na kahawia. Kopo la kijani haliwezi kurudi kuwa jeupe, na moja likijificha kwenye robota jeupe linashusha robota lote. Makopo ya mafuta ya kula nayo kiroba chake. Mafuta hayatoki kwa maji baridi.

Kuna uchafu mmoja ambao mnunuzi ana haki ya kuuogopa kuliko mchanga: PVC, plastiki ya mabomba na mipako ya nyaya. Kiwandani PET inayeyushwa kwenye nyuzi joto 260 na zaidi. Kwenye joto hilo PVC imeshaungua zamani, inatoa asidi na kuacha madoa meusi, na kidogo sana kinatosha kuharibu mzigo mkubwa. Ubaya wake, zote mbili huzama majini, hivyo beseni halikusaidii. Geuza kopo ulitazame kitako. PET ina kitovu, kidoti kidogo katikati pale plastiki ilipoingilia. Kopo lenye mshono ulionyooka unaokata kitako si PET. Linaweza kuwa dumu la kawaida la namba 2, linaweza kuwa PVC. Kidole kikizoea kitovu, kazi ni sekunde moja kwa kopo. Na zile lebo zinazobana kopo zima kama soksi mara nyingi ni PVC, basi zitoke zote.

Ukishafanya haya na bado anakata 15, omba kupima mbele yake kwenye mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Akikataa, umeshapata jibu la swali lako.

Vigae vinavunjika kama biskuti

Swali: Tuliyeyusha makopo ya maji na kuchanganya na mchanga ili tupate vigae vya njia. Vinatoka vizuri lakini vikipoa vinavunjika hata vikianguka kutoka magotini. Tuongeze plastiki? – Kikundi cha vijana, Tabata

Jibu: Mkiongeza mtavunja vingi zaidi. Mmechagua plastiki isiyofaa kazi hiyo. PET ikiyeyushwa ikiwa na unyevu, hata ule usioonekana kwa macho, maji yanaikatakata kwa ndani na ikipoa inakuwa kama kioo. Viwandani huikausha kwa saa kadhaa kwenye hewa ya moto kabla ya kuyeyusha. Pipa la nje haliwezi hilo. Makopo uzeni.

Kigae kinataka plastiki laini: nailoni inayobana katoni za maji, nailoni za mizigo madukani, na mifuko ya aina hiyo. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za kufungashia bado zipo tele, na hakuna anayezigombania. Hii huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Plastiki ngumu ya madumu huyeyuka kwenye 130. Ikiingia kidogo inakaza kigae. Mabomba, viatu vya plastiki, ngozi bandia na mipako ya nyaya visiingie kabisa, maana humo ndimo PVC ilimo na moshi wake ni asidi.

Anzeni na uzito wa 1 kwa 3: kilo 5 za nailoni kavu na kilo 15 za mchanga uliochekechwa na kuanikwa mpaka ukiushika haugandi. Mchanga mbichi ukiingia kwenye plastiki iliyoyeyuka unageuka mvuke na kurusha uji wa moto usoni mwa anayekoroga. Wengi wanaoungua kwenye kazi hii wanaungulia hapo. Yeyusheni nailoni kwanza kwenye nusu pipa lenye mfuniko, moto wa wastani, mkiongeza kidogokidogo hadi isibaki donge. Ukiona moshi mzito wa njano, joto limepita kiasi, punguzeni kuni. Ikishika moto, funikeni. Msimwage maji. Kisha mchanga, koroga mpaka rangi iwe moja, jaza kwenye fremu ya chuma iliyopakwa oili chafu, shindilia kwa nguvu, na msikifungue mpaka kipoe kwa saa mbili.

Kigae kikivunjwa kikaonyesha vitobo, kulikuwa na unyevu. Kikionyesha chembe za mchanga zisizovikwa, plastiki ni pungufu au haikukorogwa. Kikipinda juani, plastiki imezidi.

Maoni yetu, mkitaka kuyachukua: vigae hivi ni vya njia na uwanja, si vya ndani ya nyumba, wala si karibu na jiko, kwa kuwa vinaungua. Na kuyeyusha plastiki katikati ya nyumba za Tabata hatukushaurini, hata mkiwa na barakoa. Tafuteni mahali pa wazi na muwahusishe serikali ya mtaa mapema kabla majirani hawajawaita wao.

Mkaa wa vifuu: moshi mwingi, unamomonyoka

Swali: Nachoma vifuu vya nazi kwenye pipa, nasaga, nachanganya na unga wa muhogo kisha nafinyanga. Ukiwashwa unatoa moshi, na nusu imemomonyoka kabla haijafika kwa mteja. – Mfanyabiashara, Kigamboni

Jibu: Ni magonjwa mawili tofauti, dada, yameingia siku moja.

Moshi unatoka pipani. Vifuu vyako havikuiva. Tazama rangi ya moshi wakati wa kuchoma: mwanzo ni mweupe mzito, huo ni maji, kisha unakuwa wa njano na wenye kuwasha macho, mwisho unakuwa mwembamba wa bluu na kupotea. Hapo ndipo pa kufunika pipa na kuziba matundu yote kwa udongo au mchanga, na kuliacha lipoe usiku mzima. Ukifunika wakati wa njano, umebaki na vifuu vilivyoungua nje tu. Ukifungua mapema, mkaa unashika moto na kuwa majivu. Kilo 100 za vifuu vikavu zikikupa kilo 25 hadi 30 za mkaa, umeivisha sawasawa. Ukipata 40, usifurahi. Makumbi tumia kuwashia tu, usiyachanganye. Yana majivu mengi.

Kumomonyoka kunatoka kwenye unga. Tunakisia unauchanganya ukiwa mkavu au kwenye maji baridi. Wanga haushiki mpaka upikwe. Kwa kilo 10 za vumbi la mkaa lililochekechwa kwa chekeche la mchele, pika gramu 500 hadi 600 za unga wa muhogo kwenye lita 4 au 5 za maji hadi uwe uji unaong'aa, changanya ungali moto, ukande mpaka ukifumba tonge likae bila nyufa wala kuchuruzika maji. Shindilia kwenye mashine au kopo. Anika siku 3 hadi 5 juu ya chekeche lililoinuliwa, ukigeuza, na siku ya kwanza iwe kivulini, maana jua kali la Kigamboni linakausha ngozi kabla ya moyo na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Ukizidisha unga kupita kilo 1, moshi unarudi na ukungu unaota.

Wengine huongeza udongo wa mfinyanzi ili mkaa udumu. Unadumu kweli, lakini mteja anachota majivu, na akishagundua harudi.

Kitu kimoja uwaambie wanunuzi wako: mkaa usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Asilale nao chumbani.

Funza wanatoroka

Swali: Nina kuku wa mayai 300. Nimeanza kufuga funza wa nzi askari mweusi kwa mabaki ya soko ili niachane na dagaa. Funza wanapanda kuta za beseni na kutoroka, na harufu inaleta ugomvi na jirani. Ninahitaji mabeseni mangapi kwa kuku hao? – Mfugaji, Goba

Jibu: Tuanze na hesabu, kwa sababu watu wengi huanza na mabeseni 3 na kukata tamaa.

Kuku 300 wa mayai hula kilo 35 hivi za chakula kwa siku. Kama dagaa ni sehemu moja katika kumi, hiyo ni kilo 3.5. Tunashauri uanze kwa kuondoa nusu ya dagaa, siyo yote, yaani upate kilo 1.75 za funza wakavu kila siku. Funza wabichi wakikaushwa hubaki theluthi, hivyo unahitaji kilo 5 au zaidi kidogo za wabichi. Kreti moja ya sentimita 60 kwa 40, yenye funza wachanga 10,000 wa siku 5, inakula kilo 15 za mabaki mabichi kwa siku 12 na kukupa kilo 2 hadi 3. Kwa hiyo uvune kreti 2 kila siku. Mzunguko ni siku 12, basi uwe na kreti 24 zinazopishana, na kilo 30 za mabaki kila asubuhi. Ni kazi ya mtu, si ya kupita ukitoka kazini.

Chakula usikimwage chote siku moja. Gawa mara tatu: siku ya kwanza, ya tano na ya nane, na kina kisipite sentimita 5. Kikizidi hapo, chini kunakosa hewa, kunachachuka, joto linapanda, na hapo unapata vyote viwili ulivyotuandikia: harufu na wakimbizi. Funza hatoroki kwa ukorofi. Anakimbia maji, anakimbia joto, au amekomaa na anatafuta pakavu pa kugeukia. Wa mwisho utamjua kwa rangi: amekuwa wa kahawia iliyoiva hadi nyeusi. Wakikimbia wale weupe, chakula chako ni maji matupu.

Nyanya, matikiti na mapapai ya sokoni ni maji karibu yote. Katakata, yaache yachuruzike kwenye kiroba usiku mmoja, kisha changanya na pumba za mahindi au machicha ya nazi mpaka ukiminya konzi yatoke matone machache tu katikati ya vidole. Miguu ya meza iwe ndani ya makopo ya maji yenye sabuni. Sisimizi wakiingia kreti moja wanamaliza wachanga kwa usiku mmoja.

Usilishe matumbo ya samaki ukiwa na jirani. Na usikuze funza kwenye kinyesi cha kuku kisha ukawarudishia kuku, utakuwa unazungusha magonjwa bandani.

Kuvuna: chekecha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, ndipo uanike. Ukiwaanika wazima watakufa polepole, mafuta yataharibika na watanuka. Makapi yanayobaki kwenye kreti ni mbolea, ila yaache yakae wiki chache kwanza.

Ili usinunue mayai ya nzi kila mara, bakiza kreti moja katika kumi wageuke. Nzi wakubwa hawali, wanakunywa maji tu, na hawana haja na jikoni kwako. Wanataka kizimba cha chandarua kinachopigwa na jua la asubuhi, maana bila mwanga mzuri hawapandani. Funga vipande vya mbao viwili viwili, ukiacha upenyo wa unene wa kadi, uviweke juu ya chombo chenye mabaki yanayonuka. Watataga humo, na mayai huanguliwa baada ya siku 4 hivi.

Lundo la mboji linanuka yai viza

Swali: Kikundi chetu kinatengeneza mboji kwa taka za soko la Mabibo: ndizi, kabichi, mananasi. Lundo limekaa miezi miwili, linanuka yai viza na kutoa maji meusi. Tuliambiwa tuongeze samadi. – Kikundi, Ubungo

Jibu: Aliyewaambia samadi amesoma nusu ya kitabu. Harufu ya yai viza ni kukosa hewa, na hewa imefukuzwa na maji. Kilo 100 za kabichi na matunda zina lita 85 hadi 90 za maji. Hakuna lundo linalopumua hivyo.

Tawanyeni taka juani siku moja au mbili zinyauke kabla ya kuzipanga. Kata vikonyo vya mikungu vipande vya kiganja. Vikiwa vizima vinakaa mwaka. Kisha ndoo moja ya taka zilizonyauka kwa ndoo moja ya vikavu. Kwa Dar kavu bora kuliko zote ni makapi ya miwa kutoka kwa wauza juisi, yaliyoanikwa: yanakauka haraka, hayashikani, na wauzaji wanalipa ili yaondolewe. Majani makavu na maboksi yaliyochanwa yanafaa. Maranda kutoka kwa mafundi wa Keko wekeni kidogo tu, tena yasitoke kwenye mbao zilizopakwa dawa. Yakizidi yanameza naitrojeni yote na mchicha utakaopandwa hapo utakuwa njano.

Lundo liwe mita 1 kila upande au zaidi, juu ya matawi ili hewa ipite chini, na lifunikwe wakati wa masika. Siku ya tatu ingiza fimbo ya chuma katikati uiache dakika 5. Ikitoka huwezi kuishika, ni nyuzi 55 na zaidi, mbegu za magugu zinakufa. Pindua kila ikianza kupoa. Wiki 8 hadi 12.

Lundo mlilonalo lifumueni lote, mchanganye na makapi ya miwa, mlipange upya. Halijafa. Maji meusi yasielekee kisimani wala Mto Msimbazi.

Kabla hamjauza, pandeni mbegu 20 za mchicha kwenye mboji na 20 kwenye udongo wa kawaida. Zikiota chache upande wa mboji, subirini wiki 3.

Wapangaji sita, ua mmoja

Swali: Tuko familia 6 kwenye nyumba moja Manzese. Tunataka kutenga taka lakini hatuna nafasi ya ndoo tano za rangi rangi kama zile za maofisini. – Mpangaji

Jibu: Ndoo mbili zinatosha: kinachooza na kisichooza. Ile ya kinachooza itobolewe chini, ikae juu ya beseni, na itolewe kila siku kabla ya inzi. Ile kavu hata ikikaa wiki haina neno; waokota makopo wataichambua wenyewe, na watakuja mara nyingi zaidi wakijua kopo lenu halina mchuzi. Vinavyosahaulika siku ya kwanza ni nepi na pedi: kiroba chake, kinafungwa, kinakwenda na gari la taka hadi dampo la Pugu. Wala usimwekee mtu mtego wa kuzichambua.

Kwa kifupi

Swali: Nyaya nikizichoma napata shaba haraka. Ubaya uko wapi? – Gongo la Mboto

Jibu: Mpako wake ni PVC: moshi una asidi na sumu ya dioksini, na unakaa kwenye mayai ya kuku wanaochokoa hapo. Tena shaba iliyoungua inanunuliwa bei ya chini kuliko inayong'aa. Toboa ubao tundu la ukubwa wa waya, kandamiza wembe wa kisu juu ya tundu ili uingie kina cha mpako tu, kisha vuta waya. Vinyaya vyembamba kama nywele usihangaike navyo, uza vikiwa na mpako.

Swali: Betri ya gari imekufa. Nimwage maji yake nikauze risasi peke yake? – Kimara

Jibu: Usimwage, kaka. Ni asidi iliyobeba risasi, na risasi haiondoki kwenye udongo wa ua ambao watoto wanachezea. Isimamishe wima, mbali na jua, iuze ikiwa nzima na maji yake kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi. Anapima uzito wote, maji yakiwemo.